Mahari pa Miezi Tisa

Mwaka ule wa 1994, dhahabu ilipowapandisha watu wazimu Nyakunguru hata walimu wakatupa chaki na kushika sururu, Nashoni hakuchimba kitu. Aliishusha ukutani bunduki ya marehemu babu yake Waisiko, akatia kibali mfukoni, akavuka Mto Mara mpaka Mugumu kwa fundi Ashrafu. Nyuma yake alifuata Bibi Nyangi, dada wa huyo Waisiko, ajuza wa miaka sabini ambaye hakuna aliyemwalika.

"Fundi, kuna tajiri wa Nairobi anakusanya bunduki za kare," Nashoni alisema. "Anataka historia yake. Bira historia hanunui."

Ashrafu alikuwa fundi wa bunduki, mtoto wa fundi wa bunduki, na kitu kizuri hakikuhitaji kumbembeleza. Aliifungua taratibu. Mitutu miwili ya chuma kilichosokotwa, nyundo mbili mgongoni, kitako cha mti mgumu. Chini ya kitako palikuwa na kibati cha shaba kilichofanya weusi. Aliweza kusoma WAISIKO, na chini yake MAHARI.

"Mahari ya nani?" akauliza.

Nashoni akatazama mlangoni. Bibi Nyangi ndiye aliyejibu. "Yangu. Ndivyo wanavyosema."

Akaeleza bila kupunguza. Mwaka wa thelathini na sita kaka yake alifanya kazi kambini kwa Mzungu wa dhahabu, akarudi na bunduki hii. Watu wawili watatu waliojua kusoma walisoma kibati, wakatangaza: mahari ya miezi tisa. Kijiji kikajumlisha chenyewe. Mzungu kapewa binti, binti kabeba mimba, kaka kalipwa bunduki. Waisiko alikana hadi anaingia kaburini, lakini hakujua kusoma, na nani angemwamini yeye akaacha kuamini shaba?

"Nirikuwa na miaka kumi na mbiri," alisema. "Huyo Mzungu sikumwona hata kisogo. Niripoorewa, baba mkwe akasema mahari yangu irishariwa. Nirichukuriwa bure, fundi. Hata ndama hakutoka."

Ashrafu aliishi na Wakurya tangu azaliwe. Alijua mwanamke asiyetolewa ng'ombe anavyosemwa, na wanawe wanavyosimangwa. Hasira ilimpanda, ya kweli, akasema bunduki ibaki kwake mpaka aijue historia yake.

Alinakili mihuri iliyopigwa chini ya mitutu, pamoja na namba, akaandika barua kwa kiwanda Uingereza. Jibu lilichukua miezi minne. Bunduki ilitengenezwa mwaka 1909 na kuuzwa kwa duka moja la Mombasa. Nashoni alifurahi karibu acheze. Ashrafu hakufurahi, maana barua haikumsaidia Bibi Nyangi hata chembe. Herufi za kibati zilikwaruzwa kwa msumari. Hizo hazikutoka Uingereza, ziliandikwa palepale kambini.

Basi akakisugua kibati kwa ndimu na majivu, neno kwa neno, mpaka shaba ikang'aa. WAISIKO MAHARI PA MIEZI 9.

Pa. Si ya. Baba yake, mtu wa Tanga asiyesamehe kosa la Kiswahili, alimtandika makofi mengi kwa makosa madogo kuliko hilo. Mahari haina "pa". Yenye "pa" ni mahali. Karani wa kambi bila shaka alikuwa Mkurya, asiyetenganisha l na r, akaandika kama ulimi wake ulivyotamka: bunduki mahali pa mshahara wa miezi tisa. Ashrafu alicheka peke yake karakanani, lakini alijua uvumi wa miaka hamsini na minane hauangushwi na herufi mbili.

Akaanza kuulizia vitu vingine vya kambi ile. Aliuliza Tarime, akauliza Sirari, na huko Sirari akampata Everlyne, mama muuza nguo ambaye babu yake Odongo alifanya kazi na Waisiko. Everlyne alisikiliza kisa chote, akaingia ndani, akatoka na mizani.

Walikutana Nyakunguru, nyumbani kwa Mzee Kornelio, shemeji yake Bibi Nyangi na mkubwa wa ukoo uliomchukua bure. Ukoo wote ulikuwepo. Ashrafu aliwasalimu wazee shikamoo, akaeleza mambo ya "pa" na "ya". Kornelio akatikisa kichwa.

"Fundi, mahari ni mahari. Imeandikwa."

"Mzee, samahani. Hapa tulipo ni wapi?"

"Hapa? Hapa ni mahari pa kikao."

Vijana wakaanza kucheka. Kornelio mwenyewe akaganda, neno bado liko mdomoni. Ndipo Everlyne akainua mizani na kusoma kibati chake, mwandiko uleule wa msumari: ODONGO MAHARI PA MIEZI 7.

"Mzungu alifilisika," alisema, "akawalipa watu kwa vyombo vyake. Kama sivyo, basi na babu yangu Odongo aliolewa, tena kwa miezi saba, na ndevu zake zote."

Kicheko kilichotoka pale kilifika kwenye mashimo ya dhahabu. Walicheka hadi wazee wakafuta machozi. Bibi Nyangi peke yake hakucheka. Alimkazia macho shemeji yake, naye kicheko kikamwisha polepole.

Kornelio akasimama. "Shemeji, baba yangu arikosea," alisema mbele ya watu wote. "Mahari yako haikuriwa. Haikutorewa."

Akaenda mwenyewe kufungua zizi, akamwita Nashoni aje kupokea, maana ndiye aliyekaa mahali pa Waisiko. Wanawake walipiga vigelegele. Wajukuu wa Bibi Nyangi, wengine na watoto mgongoni, walikimbilia ua wa zizi kumwangalia bibi yao akitolewa ng'ombe.

Kornelio akaanza kuwatoa mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa amekonda, mbavu nje. Bibi Nyangi akanyoosha mkono.

"Huyo mrudishe," alisema. "Reo siorewi bure."