Mche wa Nyuma ya Pipa

Mke wangu analipwa kuyaambukiza matikiti maradhi. Nimewaeleza watu wengi jambo hili na wote hunipa pole. Anachukua jani lenye ubwiri, ule ugonjwa unaofunika majani kwa vumbi jeupe kama unga, analikung'uta juu ya miche mizima, kisha anangoja iugue. Mche ukiugua anafurahi, maana ugonjwa umeshika. Usipougua anafurahi zaidi, kwa sababu huo ndio anaoutafuta, auzalishe na matikiti matamu ili watoto wao wasiugue.

Alikuwa bado hajaupata. Mkuu wa kituo chao cha utafiti alishasema wazi kwamba msimu huu ukiisha bila hata mche mmoja, banda lake la kioo watapewa watu wa nyanya. Mke wangu akisikia tu habari za watu wa nyanya hukosa hamu ya kula. Paa la banda lilipoanza kuvuja, alihamishia miche yake ya mwisho nyuma ya nyumba yetu, akaipanga kwenye makopo chini ya dirisha la jikoni, akaikung'utia unga wake, akanionya nisiiguse.

Mimi alinionya. Mama yangu, aliyekuja kututembelea wiki hiyohiyo, hakumwonya, kwa heshima.

Mama aliitazama miche ikiwa myeupe siku baada ya siku, akaniuliza kama mkwewe anajua mimea yake inaumwa. Nikamwambia anajua, ndiye aliyeiambukiza. Akaguna, akaenda kuitazama tena.

Msimu ulipokaribia kwisha, miche yote ya chini ya dirisha ilikuwa imejaa unga isipokuwa mmoja, mrefu, wa majani mapana, ambao mama alikuwa ameupa jina la Bi Harusi. Mke wangu alinikumbatia mbele ya mama, jambo ambalo huwa halifanyi, akampigia simu mkuu wa kituo aje kesho yake kuuona.

Mama akanivuta chumbani. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mwanangu, ule mche nimekuwa nikiupangusa."

"Unaupangusa na nini?"

"Kwa maziwa na maji. Kila mkishatoka. Na majani yaliyozidiwa nayakata."

Nikakaa kitandani. Nilimpenda sana mama yangu wakati huo, na nilitaka kumpandisha basi la kwanza. Nikaanza kupiga hesabu za kunyamaza, lakini yeye alikuwa ameshajitanda mtandio na kwenda jikoni kumweleza mkwewe mwenyewe.

Mke wangu hakupandisha sauti. Aliuliza maswali ya kikazi, maziwa kiasi gani, tangu lini. Mwisho, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, akauliza majani aliyoyakata aliyatupa wapi.

"Nyuma ya pipa la maji," mama alisema. "Kuna mche mmoja mbayambaya, umejikunyata, tunda lake kama ngumi. Niliona hauna maana, nikausogeza kule, nikawa naumwagia yale majani."

Mke wangu alitoka mbio bila viatu. Nyuma ya pipa ni kivulini na pana unyevu daima, mahali ambapo ubwiri unajiona uko kwao. Mche ulikuwa umefukiwa hadi shingoni na lundo la majani meupe. Aliyafukua kwa vidole, akageuza majani yake moja moja, juu na chini. Yalikuwa ya kijani kitupu. Hakuna mtafiti ambaye angethubutu kuutesa mche namna ile.

Aliketi kwenye tope akacheka huku analia. Mama naye akalia, kwa kuwa hakuelewa.

Mkuu wa kituo alikuja akauona. Uliambukizwa upya bandani mbele yake, na tena, haukushtuka. Watu wa nyanya wanasubiri hadi leo.

Tunda lake tulilionja sote jikoni, na mama, aliyekata kipande kikubwa kuliko wote, alilitema dirishani. Lilikuwa chungu ajabu.

Mche mpya lazima upewe jina. Mke wangu aliuchomekea kibao kilichoandikwa Mama Mkwe. Mimi nikapata kazi ya ghafla ya kuosha vyombo.

"Kwa nini mimi?" mama aliuliza.

"Kwa sababu hakuna maradhi yanayouweza, mama."

"Na ule uchungu?"

"Tutaupunguza kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi."

Mama alikinyoosha kile kibao kisimame vizuri.

"Usiumalize wote," alisema.