Wakazi wa Nyumba Namba Tisa

Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 1996, mthamini Andrea alifika Ibighi saa tatu asubuhi akiwa na futikamba, ubao wa kuandikia na fomu ya kurasa tatu. Nyumba namba tisa ilikuwa ya kiwanda cha chai kilichofungwa, na kila kilichokuwa cha kiwanda sasa kilitakiwa kithaminiwe ili kiuzwe. Alisukuma mlango. Ukafunguka nusu, ukagoma.

"Pita kwa ubavu, baba," sauti ya mwanamke ilisema kutoka ndani. "Ndivyo tunavyopita."

Alikuwa Bibi Tupokigwe, karani aliyeita majina ya wachumaji kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili. Nyumba ilikuwa imejaa mpaka darini: vikapu vya kuchumia chai, majembe, mabuti, masanduku ya bati, vitanda vilivyofunguliwa mbao mbao, cherehani mbili, baiskeli isiyo na mnyororo. Kijia cha upana wa mtu mmoja kilitoka mlangoni hadi jikoni.

Andrea alishaingia nyumba za namna hii. Alijua kwamba neno "takataka" likishatamkwa, mwenyeji hafungui kinywa tena. Akavua viatu.

"Bibi, vitu hivi ni vya nani? Nisije nikagusa nisichoruhusiwa."

"Vya watu. Siku ya kufunga, meneja alisema nendeni makwenu, mnunuzi akipatikana mtaitwa. Wengine kwao Matwebe, wengine mbali zaidi. Wakaniambia, Tupokigwe, wewe ndiye unayetuita, tutunzie. Mwaka wa tatu huu."

"Naomba tusogeze sanduku hili nifike ukutani. Nitalirudisha."

Wakalishika wote wawili. Lilipotoka mahali pake tu, mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mzee Amoni, kofia mkononi, koti limelowa ukungu. Amoni alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Tupokigwe alilala msibani siku mbili.

"Mugonile," mzee alisalimu. "Tumeitwa?"

"Bado, tata," Bibi Tupokigwe alijibu, kama wamwitavyo baba kwao.

Amoni akaketi sakafuni, palepale lilipokuwa sanduku. Andrea alingoja mzee akunje miguu, kisha akapitisha futikamba juu ya magoti yake. Mita tatu na nusu.

Waliposogeza cherehani, akaingia Esnath. Yeye alikuwa hai. Alitoka Mpuguso, mwendo mrefu kwa miguu, na unga wa mahindi ulikuwa bado vidoleni. Naye akauliza, naye akaketi. Kufika saa sita, walio hai na wasio hai walikuwa thelathini na mmoja. Andrea alijaribu kurudisha sanduku kama alivyoahidi, akakosa pa kuliweka. Akaomba radhi. Amoni akasema si neno, akalipakata.

Kwenye fomu palikuwa na mstari wa idadi ya wakazi. Andrea aliwahesabu mara mbili, akamjumlisha Bibi Tupokigwe, akaandika thelathini na wawili. Penye hali ya nyumba akaandika: "Imara. Imejaa. Vitu vimetunzwa na vina wenyewe." Aliandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu nyumba yenye wakazi haikuuzwa kabla wakazi hawajatafutiwa pa kwenda.

Ofisini Mbeya, mkuu wake, Godwin, aliisoma fomu yote bila kuruka mstari.

"Wenye mkataba wa kupanga ni wangapi?"

"Hakuna."

"Basi hakuna anayekaa."

"Niliwaona, mzee. Nilipita katikati ya magoti yao."

"Sijasema hukuwaona. Nimesema hawana mkataba."

Ikapigwa chapa upya: Nyumba tupu. Andrea alikaa na kalamu mkononi mpaka chai ya saa nne ikapita. Akatia saini. Alichoweza kuomba ni kimoja, kwamba barua ya kuwahamisha wale watu aipeleke mwenyewe, isibandikwe mlangoni.

Alifika Ibighi mvua ikinyesha. Akapita kwa ubavu. Pa kukaa hapakuwapo, mpaka Amoni aliposogea kidogo. Andrea akajibana hapo, bega lake la kushoto likapoa. Bibi Tupokigwe akampa kikombe cha chai ya rangi, akamwomba asome kwa sauti, maana walio nyuma hawakuona.

Andrea akasoma. Neno "tupu" alilisoma mara mbili, ili lisikike.

"Inatuita?" Amoni aliuliza.

"Hapana, tata," Andrea alijibu. "Inawatoa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mtu mmoja karibu na dirisha akaomba tarehe isomwe tena.

"Tarehe thelathini, mwezi wa sita."

Esnath akahesabu kwa vidole vyake vyenye unga. "Hiyo ni Jumapili," akasema. "Watu watakuwa kanisani."

"Lori la kuwahamisha litakuja hivyohivyo, mama," Andrea alisema.

Kisha kopo la sukari likaanza kutoka jikoni, mkono kwa mkono, hadi likamfikia Andrea na kikombe chake.