Folda ya Marehemu

Fundi wa programu hakuwa na raha hata chembe. Mkuu wa ofisi alishasema: ikifika saa sita mchana tawi la marehemu, yaani nakala ya programu aliyoiandika pembeni, halijaunganishwa na kazi ya wengine, linafutwa. Marehemu ni kaka yake, na tawi hilo ndilo kazi yake ya mwisho.

"Mara ya nne hii naunganisha," alimlalamikia mwenzake wa meza ya jirani. "Mashine inasema kuna migongano, mistari yetu inapingana. Nikifungua faili zangu, hakuna kilichoguswa!"

"Si ghala la historia mmeliweka mbali na folda ya kazi? Hebu angalia, ghala lenyewe linadhani folda iko wapi."

Ndiyo ilikuwa desturi yao, kaka na dada: historia ya mabadiliko huku, faili za kazi kule. Ujuaji mtupu. Akafungua mipangilio ya ghala. Njia iliyoandikwa ilielekea folda ya kaka yake.

Humo migongano yote ilikuwa imeshatatuliwa, dakika tatu zilizopita. Mistari mizuri ya dada iliachwa ilivyo, ya kivivu ilisahihishwa, na pembeni pakaandikwa: "Mdogo wangu, haraka ya nini?" Hivyo ndivyo kaka alivyozoea kumtania.

"Nani kaingia humu?" aliuliza.

Mwenzake alichungulia kioo cha kompyuta, akasoma. Alivuta kiti chake taratibu, akahamia meza ya mbali.

Angeyakubali tu masahihisho hayo, kazi ingekwisha. Lakini alimkumbuka mno kaka yake. Akaukatiza muungano, akaandika kwenye faili ya maelezo, "Kaka, uliumia sana?" Akaunganisha tena.

Safari hii ukabaki mgongano mmoja. Upande wake, swali. Upande wa tawi la marehemu, kwenye mstari uleule, jibu: "Kidogo. Nilikupigia simu."

Siku ya ajali iliyomuua kaka, yeye alikuwa ameizima simu, asisumbuliwe kazini. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Machozi yakamtoka hadharani, wala hakuyafuta.

Zilibaki dakika mbili kabla ya saa sita, na mashine haikamilishi mpaka mstari mmoja uondoke. Akafuta swali lake, akabakiza jibu, akakubali. Kazi ya kaka yake ikapona, na jibu likaingia nayo, lisomwe na kila atakayefungua faili ile.