Hema la Mtu Mmoja

Usiku wa jana niliota, na aliyeniletea habari ni kuku wangu mwekundu. Alisimama kizingitini, akafuta miguu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimfuge, akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Wametuma neno kutoka lango la mlima. Leo ni zamu yako kupanda. Unapanda peke yako. Uwe na hema jepesi la mtu mmoja, na uwe umepita langoni kabla ya saa kumi."

Nikamwambia nina miaka sabini na moja chini ya mlima huu na sijaupanda hata siku moja. Aliyekuwa akiupanda ni mume wangu, Baba Aikande, mpagazi kwa miaka thelathini, aliyewabebea wageni mahema yao mpaka shingo ikapinda. Naye tulimzika mwaka juzi, hapo nyuma ya migomba.

"Ndiye huyo huyo," kuku akasema. "Yuko kambi ya tatu. Amekuchemshia maji ya kunawa. Yakipoa, hachemshi tena."

Sikuuliza zaidi. Baba Aikande hakuwa mtu wa kurudia jambo. Nikachukua mkongojo wake, ambao sasa ni wangu, nikatoka.

Nje migomba imezaa mahema. Sisemi yalifanana na ndizi. Ni mahema kweli, yamekunjwa, yananing'inia, mengine bado machanga. Katikati ya shamba imesimama mizani ya langoni, ile yenye ndoano, ambapo kila mzigo wa mpagazi hutundikwa kabla haujaenda juu. Baba Aikande aliiogopa kuliko chui. Jana ilikuwa imevaa tai.

"Chagua," mizani ikasema. "Kilo moja, isizidi. Mtu mmoja, asizidi."

Hema la kwanza linashuka lenyewe, linajifungua, linasimama wima kwa nguzo zake.

"Mimi nasimama mwenyewe," linasema. "Simtegemei mtu."

"Ninao watoto watatu mjini wanaosema hivyo hivyo," nikalijibu. "Rudi juu."

La pili ni jembamba sana, unaona mkono wako upande wa pili. "Mimi ni tabaka moja tu," linasema kwa sauti ya mafua. "Mwepesi kama gazeti. Ila ukipumua ndani yangu, alfajiri nitakulilia."

"Utanililia kitu gani?"

"Pumzi yako mwenyewe. Inapanda, inapoa, inakudondokea usoni."

"Hiyo kazi naifanya mwenyewe nyumbani. Asante."

La tatu linakuja polepole, limejikunja chini kama kanga iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

"Mimi sina nguzo," linasema. "Nasimama kwa mkongojo wa mwenye kulala. Akiusahau, tunalala chini wote."

"Una matabaka mangapi?"

"Mawili. La ndani ni wavu, la nje ni la mvua."

"Kibaraza?"

"Kipo. Kinatosha viatu tu, usijisumbue kukaribisha watu."

Nikalipenda, maana lilisema upungufu wake kabla sijauliza. Nikakata jani kavu la mgomba, nikasokota ngata, nikaiweka kichwani, nikatwika hema juu yake. Nikatembea hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Mahema machanga huko juu yakaanza kucheka.

"Mwone! Anadhani ni mkungu wa kupeleka sokoni!"

"Mama," mizani ikasema, "mbona unapima kwa kichwa?"

"Mzigo hupimwa kwa shingo. Mume wangu nilimfungia mizigo miaka yote hiyo. Naujua."

"Sawa, umejua kubeba. Na atakayelala humo ni nani?"

"Mgeni."

"Mgeni yuko wapi?"

Nikageuka nimwonyeshe. Nyuma yangu hakuna mtu. Kuna kuku tu, naye anatazama pembeni kwa aibu. Nikaangalia tena, kwa sababu maisha yangu yote hema lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Nikashusha mzigo. Nikaona haya kidogo, kama mtu aliyeitwa mbele ya watu.

"Ingia ulijaribu," mizani ikasema. "Hema halichaguliwi kwa kusimama."

Nikausimamisha mkongojo, hema likainuka, nikaingia. Ndani pana harufu ya koti la mvua. Nikajilaza kama ninavyolala siku zote.

"Bibi," hema likasema, "unanisukuma ukuta. Sogea katikati."

"Siwezi. Hapo pana mwenyewe."

Nje nikasikia mshale wa mizani ukiruka kwa kishindo. "Mama, humo kuna watu wawili."

"Niko peke yangu."

"Mwili ni mmoja. Nafasi ni mbili. Mimi napima hata nafasi. Ya pili inasoma kilo sitini na nane, na miguu inatoka nje."

Ndizo kilo zake, Baba Aikande, kabla hajaugua. Mambo ya kitandani kwangu sijamweleza mtu, hata padri. Tangu tumzike nalala ukingoni, upande wa ukutani, na upande wake naukung'uta kila asubuhi kana kwamba umelaliwa.

"Saa kumi kasorobo," mizani ikasema. Lango la mlima, ambalo sasa liko karibu na banda la mbuzi, likapiga mwayo na kuanza kujifunga. "Pita naye basi. Huko juu utamtoa mwenyewe."

Nikafumba macho nipate kufikiri. Nilipofumbua, wavu wa hema umeshika barafu. Ni kambi ya tatu. Nje hakuna sauti ya mtu, hakuna mbuzi, hakuna redio ya jirani. Kimya cha nyumbani nimekizoea tangu tumzike, lakini kimya cha huko juu kilikuwa na ukubwa wake. Nasikia moyo wangu ukitembea huku na huku kama mlinzi.

"Bibi," hema likanong'ona, "mimi ni wa mtu mmoja. Nitapasuka."

"Vumilia kidogo, mwanangu."

Mara nasikia viatu kwenye changarawe. Kimoja kinaburuta. Ni yeye.

"Maji ya kunawa!" akaita, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaamshia wageni.

"Baba Aikande! Ingia!"

"Niingie wapi? Toka lini mpagazi akafungua zipu ya mgeni? Fungua wewe. Yanapoa."

Nikanyoosha mkono. Zipu iko katikati ya mlango, na mimi niko ukutani. Mkono haufiki. Nikanyoosha tena mpaka bega likalia. Haufiki.

"Sogea, Mama Aikande."

"Nikisogea utalala wapi?"

Nikamsikia akicheka, cheko lake la puani. "Mimi? Lini uliniona nalala kwenye hema la mgeni? Tuko wapagazi wanane kwenye hema la jikoni, tumebanana kama dagaa, Kimambo anakoroma, na hakuna aliye mpweke hata akitaka. Unanishikia nafasi nisiyoilala."

"Mwaka juzi wote?"

"Na mwaka jana. Mgongo haukuumi?"

"Unaniuma."

"Basi."

Nikasogea. Shibiri moja, nyingine, nyingine. Katikati pana baridi mwanzoni, kama kiti ambacho hakijakaliwa. Kisha pakawa pa kawaida. Hema likashusha pumzi. Mbali sana huko chini nikasikia mshale ukirudi mahali pake, na mizani ikisema, "Mmoja."

Nikashika zipu, nikafungua. Nikaona beseni lenye mvuke. Nikaona mgongo wake, ameshajitwika mzigo wa mtu mwingine, anapanda.

"Hata chai hunywi?" nikaita.

"Nina mzigo," akasema bila kugeuka. "Nawa uso."

Nikaamka.

Nilikuwa katikati ya kitanda, mikono imetawanyika huku na huku kama mtoto. Alfajiri ilikuwa bado. Nikashusha miguu nitafute kandambili, na mguu wangu wa kulia ukaingia ndani ya maji.

Ni beseni langu la bluu, lile ninalolifudikiza kila jioni nyuma ya mlango wa jiko. Nikaenda jikoni kutazama. Mlango umefungwa kwa komeo. Mafiga yamepoa, majivu ni ya jana mchana, hata kuni sikuwa nazo. Nikarudi, nikainama, nikatia mkono.

Maji yalikuwa ya moto.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikanawa uso taratibu, na masikio, na nyuma ya shingo, kama mgeni aliyetoka mbali. Halafu nikapanda tena kitandani, nikajilaza katikati, nikavuta blanketi pande zote mbili, na kabla jogoo hajawika usingizi ukanichukua.