Tangazo Alilolibandika Karani

Kwa miaka kumi na tisa, maisha ya Karani yalikuwa karatasi. Barua zikiingia ofisini alizigonga muhuri wa tarehe, akaziandika kwenye daftari kubwa, akazitia kwenye majalada. Ufunguo wa ubao wa matangazo pale ukumbini aliushika yeye, na hakuna tangazo lililobandikwa bila yeye kulinyoosha kwanza kwa kiganja. Wenzake walimtania kwamba hata cheti chake cha ndoa alikitoboa matundu mawili akakitia kwenye faili.

Asubuhi moja ilimfikia karatasi kutoka kituo cha watoto viziwi. Ilisema kwamba wazazi wenye watoto wasiosikia, au waliofika miaka miwili bila kuanza kusema, wawalete waandikishwe. Mtoto atapimwa masikio na kufundishwa lugha ya alama, na familia itafundishwa pamoja naye. Wenye umri chini ya miaka mitano ndio watakaotangulizwa.

Karani aliisoma mara tatu. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka mitatu, mtoto wao wa pekee, waliyempata baada ya kungoja hadi majirani wakachoka kuuliza. Walimwita Kiduchu. Wiki ile ile sufuria ilikuwa imeanguka jikoni nyuma ya mgongo wa mtoto huyo, paka akaruka hadi dirishani, na Kiduchu akaendelea kupanga vifuniko vya chupa kama vile hakuna kilichotokea. Karani aliliona hilo. Aliokota sufuria, akairudisha mahali pake, wala hakumwambia mtu.

Akaibandika ile karatasi kwenye kona ya chini ya ubao, akafunga kioo. Baada ya miezi mitatu akaibandua, maana huo ndio ulikuwa utaratibu, akaitia kwenye jalada la mambo mengineyo.

Haikuwa roho mbaya. Alimpenda yule mtoto kuliko macho yake. Ila aliyajua maandishi. Alikwisha kuona jinsi neno moja likiandikwa kwenye jalada la mtu linavyomfuata kila aendako, na hakutaka neno "kiziwi" likae mbele ya jina la binti yake. Alijiambia kuwa mtoto amechelewa tu, kwamba hata yeye alichelewa kusema, na kwamba siku moja atafungua mdomo na hapo watatafuta pa kukimbilia.

Mkewe alikuwa msusi, na msusi hukaa karibu na vichwa vya watu, hujua nani anasikia na nani hasikii. Jioni moja, mtoto akiwa na miaka minne, alimkabili mumewe.

"Baba Kiduchu, huyu mtoto hanisikii."

"Anakusikia. Ukaidi tu. Kaurithi kwenu."

"Mimi sitanii. Nimemwita nikiwa nyuma yake, nimepiga makofi, wapi! Wewe uko ofisini, kila kitu kinapita mikononi mwako. Huwezi kuuliza kama kuna mahali pa kumpeleka?"

Karani alivua viatu taratibu, kimoja, kisha cha pili.

"Nimeuliza," akasema. "Hakuna."

Mkewe akamwamini. Kwa nini asimwamini? Mumewe hakuwahi kukosea hata tarehe.

Basi wakaishi hivyo. Kiduchu na mama yake wakajitungia ishara zao: mkono tumboni ni njaa, vidole shavuni ni usingizi, kukunja pua ni sitaki. Hazikuzidi ishirini. Alipofika miaka saba wakampeleka shule ya jirani, akakalishwa nyuma kabisa. Daftari lake lilikuwa safi kuliko yote darasani. Alinakili kila kilichokuwa ubaoni, tarehe, hesabu, hata doa la chaki ambapo mwalimu alifuta vibaya, na hakujua maana ya hata herufi moja. Karani alilifungua daftari lile, akasifu mwandiko, akalifunga haraka.

Kiduchu alikuwa na miaka minane na nusu siku ambayo mteja alikaa mbele ya mama yake asukwe. Mteja yule alikuwa mcheshi, na katika soga akamtaja mpwa wake kiziwi, ambaye sasa anasoma vitabu na kubishana na kila mtu kwa mikono.

Msusi aliacha kusuka. "Alifundishwa wapi?"

"Kituoni, nyuma ya soko la zamani. Alianza akiwa na miaka mitatu. Tangazo lilikuwa kwenye ubao pale ofisini kwa mumeo, dada yangu. Kwani hakukwambia?"

Alimaliza kile kichwa, kwa sababu huwezi kumwacha mtu na nusu ya nywele. Kisha akafunga saluni, akaenda moja kwa moja ofisini akiwa bado na kitana mkononi.

"Miaka mitano iliyopita," akamwambia mumewe mbele ya majalada, "kulikuwa na tangazo la watoto viziwi. Nani alilibandika?"

Karani angeweza kupiga chenga. Alijaribu hata kufungua mdomo. Lakini mkewe alikuwa akimtazama kama mtu anayesoma.

"Mimi."

"Nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Ukaniambia hakuna."

Karani aliinamisha kichwa. Mkewe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aligeuka akaondoka, na tangu siku ile akaanza kuzungumza naye kama wateja wawili wanaongojea zamu: chakula kiko mezani, maji yamekatika, nguo zako zimekauka.

Wiki iliyofuata walikwenda kituoni. Uani kulikuwa na watoto sita wakigombania bembea kwa mikono, vidole vikienda mbio, mmoja akisimulia jambo na wengine wakiangua kicheko. Kiduchu alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Kisha akachungulia. Akaitazama ile mikono, macho yamemtoka, akainyanyua yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku, akaishusha.

Mwalimu wa kituo, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimpima na kumchezesha kwa muda mrefu kabla ya kurudi kwa wazazi.

"Tumechelewa, Mwalimu?" akauliza Karani.

"Kuchelewa mmechelewa, baba, sitawadanganya. Miaka ile ya mwanzo ndiyo lugha huingia yenyewe. Sasa itabidi tumwingizie neno moja moja. Ni mwerevu, atajifunza, lakini kuna mambo yatamgharimu jasho ambayo wenzake waliyapata wakicheza." Akavua miwani, akaifuta. "Hamkusikia habari zetu?"

Msusi alitazama dirishani. Alimwachia mumewe alijibu swali hilo mwenyewe, naye akalijibu, lote, mpaka kwenye jalada la mambo mengineyo. Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu. Akawapa siku za mafunzo.

Kila Jumamosi wakawa wanakwenda. Mkewe alikaa benchi la mbele, yeye la nyuma. Vidole vya msusi vilishika upesi. Vya Karani vilikuwa vigumu kama funguo zenye kutu. Siku ya kwanza alitaka kusema yeye ni baba, darasa likacheka machozi kwa sababu alisema yeye ni mbuzi. Kiduchu naye alicheka, na kicheko kile kilimfurahisha na kumchoma kwa pamoja.

Mwaka na nusu ukapita. Alasiri moja ya Jumapili Karani alikuwa akipiga pasi shati, Kiduchu akaja akamgusa kiwiko. Akasema kwa mikono, polepole, ili baba asipotee:

"Bibi anarudi lini?"

Karani aliweka pasi kando. Mama yake mzazi aliishi nao, na alifariki Kiduchu akiwa na miaka sita. Siku ile mtoto alipelekwa kwa jirani; aliporudi alikuta kitanda hakina mtu. Hakuna aliyemweleza, maana hakukuwa na wa kumweleza wala neno la kumwelezea. Miaka minne alikuwa akingoja.

Karani hakuijua alama ya kifo. Akamwita mkewe. Msusi alisimama mlangoni, akamwonyesha, mara mbili, kisha akamwacha aseme yeye.

"Bibi alikufa. Harudi."

Kiduchu alimkazia macho. "Nilimwaga uji wake. Alikasirika?"

"Hapana. Alikuwa mgonjwa. Alikupenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua kusema." Akasita, akapiga moyo konde. "Palikuwa na mahali pa kujifunza. Nilipajua. Sikukupeleka. Kosa ni langu."

Haikujulikana kama mtoto aliyaelewa yote yale. Lakini la bibi alilielewa. Alilia kwa sauti nzito ambayo hakuwahi kuisikia mwenyewe, akamkimbilia mama yake. Karani alibaki amesimama na mikono yake miwili.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini. Wakaenda makaburini watatu, mtoto katikati. Kiduchu alisoma jina la bibi yake kwa kidole, herufi kwa herufi, akawauliza wazazi wake maswali hadi jua likawa kali, na kila swali walilijibu.