Folda ya Zitasomwa

Asubuhi programu ya barua pepe katika ofisi ya kiwanda cha kufulia nguo ilifunguka ikiwa na toleo jipya, na utafutaji ukagoma. Katibu muhtasi aliandika "sabuni" ili kuijaribu, akaambiwa hakuna kilichopatikana. Kabla hajalifuta neno, muuza sabuni alisukuma mlango akauliza anaitiwa nini. Alipoambiwa hakuna kitu, aliondoka akinung'unika kwamba ameacha gari katikati ya barabara.

Katibu akaandika "vali". Hakuna kilichopatikana. Shemeji yake akaingia.

Alikuwa amekufa mwezi uliopita, tangi la mvuke lilipopasuka. Alivaa ovaroli ile ile, na maji yalimchuruzika mikononi. Alivuta kiti cha karibu na printa, akakaa. Katibu alimsogezea ndoo ya kudekia, karatasi zisilowe.

"Za huko, shemeji?"

"Nzuri tu. Umeziona barua zangu?"

"Bado nazitafuta."

Katibu alizitafuta kwa ajili ya mdogo wake, mjane wa shemeji huyo. Ripoti ya ajali ilisema mwendesha mtambo alisinzia kazini, na ingetiwa saini mchana ule. Mdogo wake aling'ang'ania neno moja: mume wangu aliandika kuhusu ile vali mbovu ya tangi, tena si mara moja. Huko shuleni wanawe walikuwa wameanza kuitwa watoto wa msinziaji.

Fundi wa kompyuta alikuja, akamwomba marehemu asogeze miguu, akafungua mipangilio.

"Toleo jipya limeruka folda moja, mama. Hii ya Zitasomwa. Haina tiki."

Katibu aliijua. Aliitengeneza mwenyewe. Kila siku, kabla meneja hajafika, alihamishia humo malalamiko ya wafanyakazi ili bosi aanze kazi bila kununa. Meneja alimmwagia sifa kwa utaratibu huo. Hakuna aliyewahi kurudi kuyasoma.

Fundi aliweka tiki. Katibu akaandika tena "vali", na safari hii barua zikajipanga, zote hazijafunguliwa. Shemeji aliinama begani kwake.

"Ndizo hizo," alisema.

Katibu aliona aibu, ila kwa mbali, kama jino lililochomwa sindano ya ganzi.

Meneja aliingia, akampa marehemu pole, akasoma barua moja akiwa amesimama.

"Hizi zikitoka, sote wawili tunamwaga unga," alimwambia katibu, bila ukali. "Nani aliziweka huko?"

"Mimi."

"Basi rudisha kama ilivyokuwa."

Katibu aliuliza tiki inaondolewaje. Fundi akasema unabonyeza tena pale pale. Katibu akabonyeza. Barua zikatoweka. Shemeji hakutoweka, aliuliza kama anaweza kuendelea kusubiri. Meneja akasema hakuna shida, mradi asizibe njia ya printa.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, umezipata?"

Katibu alimtazama shemeji, aliyekuwa akikamua mkono wa ovaroli juu ya ndoo.

"Kompyuta imegoma, mdogo wangu. Inasema hakuna kilichopatikana."



"Haya, dada. Asante kwa kuhangaika. Angekuwepo, angekushukuru mwenyewe."

Katibu alikata simu. Ndoo ilikuwa imejaa. Alikwenda kuimwaga, akairudisha pale pale.