Milimita Kumi na Nane

Binti yetu hajafika hata miaka mitatu, lakini ameshajifunza kumzunguka baba yake. Akitaka kumwonyesha kitu, kiatu au mdudu aliyemkamata, haji moja kwa moja. Anapita nyuma ya kiti mpaka upande wa kulia, ndipo anavuta suruali. Hakuna aliyemfundisha. Aligundua mwenyewe kwamba akija kushoto haonwi, kwa sababu shingo ya baba haigeuki huko.

Nilikuwa namtazama akifanya hivyo siku niliyochora fremu mpya. Labda ndiyo maana mkono wangu ulifanya ulichofanya.

Mume wangu ni mwendesha baiskeli za mashindano. Wenzake wanamwita Mshale, maana akiinamia usukani mgongo wake unanyooka na hayumbi hata chembe. Baba yake ndiye anayeunda fremu za timu, kwenye karakana iliyopakana na jiko letu. Mchoraji ni mimi. Nilisoma uchoraji wa ufundi miaka miwili, darasa la jioni, na mwaka wa pili nilikuwa mjamzito, tumbo linafika mezani kabla ya rula. Baba mkwe alipoona mchoro wangu wa kwanza hauna hata alama ya kifutio, alisema, "Mwanangu, kuanzia leo mimi kazi yangu kukata tu."

Mwaka jana Mshale alianguka kwenye mteremko wenye kona. Mifupa miwili ya shingo ilishikizwa kwa kibamba cha chuma. Daktari alimruhusu kupanda baiskeli tena. Hakusema atapanda vipi.

Msimu huu timu ilitaka baiskeli ya umbo jipya, na kila kilichobadilika kilikuwa cha kumlaza mtu chini ili upepo umpite. Bomba la kiti lisimame zaidi, kutoka nyuzi sabini na tatu hadi sabini na nne na nusu, mwili usogee mbele. Gurudumu la nyuma livutwe karibu na kiti. Na lile bomba fupi la mbele, ambalo usukani unapita ndani yake, lipunguzwe. La Mshale liwe na milimita mia na kumi na mbili, basi. Bomba hilo likiwa fupi, mikono inashuka na mgongo unalala. Lakini mtu aliyelala hivyo hana budi kuinua kichwa kwa nyuma ili aione barabara.

Kocha alikuwa amesema wazi. Jumatatu anataka michoro sita, mmoja kwa kila mwendeshaji, na kila mwenye mchoro awe amejaribu vipimo vyake. Asiyeweza kukaa kwenye vipimo vipya, timu ataiangalia kwa mbali. Mshale alikuwa ameingojea Jumatatu hiyo miezi kumi na mmoja.

Nilichora mia na thelathini. Milimita kumi na nane zaidi, upana wa kidole gumba changu. Namba niliiandika pembeni kama ilivyo. Sikuficha kitu, ila sikusema. Nilijiambia kocha hataona. Nilijiambia mwakani, shingo ikilegea, tutapunguza.

Jumamosi asubuhi baba mkwe alitoa kiunzi cha kupimia. Hicho ni kama baiskeli isiyokwenda popote. Kina kiti, usukani na pedali, hakina magurudumu, na kila sehemu inapanda na kushuka kwa skrubu. Unafunga vipimo vya mchoro, mtu anakaa, ndipo unakata chuma. Mzee alifunga vyangu. Mshale akapanda, akazungusha pedali mara ishirini hivi, akaacha.

"Mbele pako juu."

Akaugonga usukani kwa kidole.

"Baba, hapa umekosea kufunga."

"Nimefunga mchoro ulivyo."

Alishuka, akachukua rula ya chuma, akapima. Akapima tena. "Mia na thelathini. Hii fremu ya nani?"

"Yako," nikasema.

"Yangu ni mia na kumi na mbili. Hii ni ya mtu anayetumwa mkate."

"Mkate nao una kazi yake," mzee alisema, akijaribu kucheka. Alicheka peke yake.

"Namba hii uliiona, Baba?"

Baba mkwe alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Tangu Alhamisi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa hiyo nyumba nzima inajua siwezi, nimebaki mimi tu."

"Sikusema huwezi," nikamwambia. "Nataka uone mbele."

"Mbele naona. Shusha."

Mzee alinitazama kana kwamba fundi ni mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akalegeza skrubu, akashusha, akakaza.

Mshale akapanda. Mgongo ukalala, viwiko vikaingia ndani, miguu ikaanza kuzunguka bila kelele. Alikuwa yule yule. Kwa dakika nzima nilifurahi kwamba nilikosea, nikaanza kupanga maneno ya kumwomba radhi.

Wakati huo binti yetu akaingia kutoka jikoni na kiatu kimoja mkononi. Hakwenda kulia wala kushoto. Alikwenda mpaka ukutani, mbele kabisa ya baba yake, hatua sita hivi, akasimama na kukinyanyua kile kiatu juu. Akangoja.

"Ukutani kuna nini?" mzee akauliza, taratibu.

"Wapi?"

"Mbele yako."

"Baba, karakana nimezaliwa humu. Misumeno miwili na kalenda."

Miguu yake ilikuwa bado inazunguka. Mtoto aliendelea kunyanyua kiatu, mkono ukaanza kumchoka. Akatufikiria kidogo, sote watatu. Kisha akaja mpaka kwenye kiunzi, akajilaza chali sakafuni, chini ya usukani, juu ya vumbi la chuma, akamwangalia baba yake usoni.

"Baba, kiatu."

Miguu ikasimama.

"Umetokea wapi wewe?"

Akaonyesha ukuta.

Mshale hakuinua kichwa. Alibaki akimtazama pale chini, jasho likimdondokea mtoto kwenye gauni. Aliposhuka, alimvalisha kile kiatu, akakifunga, akamkung'uta vumbi mgongoni. Akaniambia bila kunitazama, "Kwa kocha peleka mitano." Akaenda nje.

Mzee aliishika ile skrubu, asijue aipandishe au aiache.

Jioni, baada ya kula, nilikuwa nakunja michoro mitano pale mezani. Wa sita ulikuwa umebaki umetandazwa. Mume wangu alikuja akakaa.

"Ile yako ya mia na thelathini," alisema. "Ningeona mpaka wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilichukua kipima pembe, nikaweka jicho lake pale ambapo lingekuwa, nikapiga mstari mpaka barabarani, nikahesabu. "Mita arobaini."

"Kwa mteremko haitoshi."

"Haitoshi."

Machozi yalimshuka, na hakuyafuta. Mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwake, nimeshika penseli, sijui niiweke wapi.

"Kwa mkate inatosha," nikasema.

Hakucheka. Ila aliinuka, akakivuta kiti chake, akazunguka meza, akakaa tena, safari hii mimi nikiwa kulia kwake. Akausogeza ule mchoro wa sita katikati yetu.

"Hebu nionyeshe hiyo arobaini inaishia wapi," akasema.